Karatasi Yenye Jina Langu

Kwetu Likoni, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mzee wangu alipewa jina la babu yake, mimi nikapewa la babu yangu, na ndivyo ukoo wetu ulivyokwenda tangu kale, majina mawili yakipokezana. Kwa kuwa nina jina la baba yake, mzee hajawahi kuniita jingine ila Baba. Hata siku za kunichapa alikuwa akisema, "Baba, lete mkono."

Mwaka jana tajiri mmoja alijitokeza na hati ya shamba letu la Mtongwe, tunakoishi, alikozaliwa mzee na anakotaka kuzikwa, ubavuni mwa mama. Kamati ya ardhi ikatutaka ushahidi kwamba babu alikuwa na haki pale. Nikasema, niachieni mimi. Nimestaafu kazi ya kupanga vitabu katika maktaba ya chuo, na niliona hakuna anayezijua karatasi kunishinda. Kiburi kitupu.

Nilianza na kitabu cha profesa mmoja mgeni, kilichohusu watu wa upande wetu wa kivuko. Katika faharasa, jina la babu pamoja na la baba yake lilifuatwa na msururu wa kurasa. Huku ni kadhi, kule ni mwenye minazi, kwingine shahidi wa ndoa. Profesa amewafanya wote wenye jina hilo mtu mmoja! Basi mtu huyo aliishi umri wa kobe. Nilicheka, lakini wallahi nilifurahi pia kuliona jina letu limechapwa. Tanbihi zake zikanipeleka kwenye nyaraka za zamani, na humo nikaikuta karatasi ya Kiarabu yenye jina la babu, jina la baba yake, na Mtongwe. Mahali pa tarehe palikuwa pameliwa na mchwa.

Niliisoma bila kukwama, maana madrasa nilihitimu msahafu kabla ya wenzangu wote. Kusoma tu, lakini. Maana ya maneno hatukufundishwa, na wengi wetu tuko hivyo hivyo mpaka leo, ulimi unakwenda na akili haina habari. Ningeweza kumuuliza sheikh yeyote mtaani. Sikumuuliza mtu. Niliona jina, nikaona Mtongwe, nikatosheka, mjinga mimi.

Nikamsomea mzee nakala. Akalia machozi.

"Baba, hebu soma tena hapo penye jina lako," akasema.

Nikasoma tena na tena, na kila mara akiitikia alhamdulillahi.

Mbele ya kamati niliulizwa kama nina hakika mtu huyo ni babu yangu. Nikashika msahafu, nikala yamini kwamba ndiye, wala hakuna mwingine. Ndipo mfasiri akavaa miwani yake na kuitafsiri karatasi polepole: mtu huyu ameuza shamba lake la Mtongwe, ardhi na minazi yake, wala yeye na kizazi chake hawana dai tena.

Lo! Nilijipalia makaa kwa mikono yangu miwili. Nikaruka juu nikipiga kelele kwamba huyo si babu, huenda ni babu wa babu yangu, huenda ni mtu baki kabisa, jina hilo Likoni wanalo wengi! Wakili wa tajiri hata kitini hakuinuka.

"Mzee, si umeapa sasa hivi?" akaniuliza.

Kisha akatoa kitabu cha profesa, kilekile, akaionyesha kamati kwamba hata wasomi wanamjua mtu mmoja tu mwenye jina hilo.

Mpaka leo sijui ni nani aliyeuza, na sitajua. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi tuhame.

Jana asubuhi nilimkuta mzee ameketi kando ya kaburi la mama, kichwa wazi, kofia yake iko mchangani. Nikampa shikamoo. Nikaiokota kofia, nikaipangusa, nikamvika. Ndipo akainua uso na kunitazama.

"Baba," akasema, "mbona ulituuza?"

Nilitaka kumwambia si mimi. Nilitaka kumwambia huenda hata si baba yake. Lakini nikamwona anangoja jibu kama mtoto, na hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kumjibu.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.