Mwalimu Wetu wa Kaseti

Watu wa nyumbani kwangu wanajua: akitajwa mwalimu yule, mimi nanuna. Wanangu hucheka, husema mama amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Na wacheke. Nina haki ya kununa. Mtu yule alitufundisha fizikia vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake, na alitudanganya karibu mwaka mzima, na yote mawili aliyafanya bila kupepesa macho.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa, katika shule ya wasichana. Walimu wa sayansi hawakukaa kwetu. Walikuja mwanzoni mwa mwaka na masanduku yao, na kabla hujazoea mwandiko wao ubaoni wamekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Joto, wakasema. Barabara, majambazi, maji ya chumvi. Mmoja, wallahi, hakufungua hata sanduku. Sisi tulisema "amerudi Kenya", kana kwamba pale tulipokuwa ni nchi nyingine, na kwa namna walivyokuwa wakituona, labda ndivyo ilivyokuwa.

Huyu alikaa. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka mlimani, kwenye baridi, mwenye masikio makubwa, na alikuwa na kipaji cha kueleza mambo. Hatukuwa na vifaa, maabara yetu ilikuwa chumba chenye kabati la kioo na popo. Basi alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza mlangoni, akatuambia tuhesabu. Tulipoiita pendulamu yake "bendulam" kwa ulimi wetu wa Kisomali usio na p, alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, lakini hakucheka kwa dharau, na wiki hiyo hiyo akatutaka tumfundishe kuhesabu kwa Kisomali. Alifika tatu akashindwa. "Lugha yenu itaniua," akasema, akaacha kabisa.

Tulikuwa wasichana sita tuliochukua fizikia. Wenzangu walikuwa na sababu zao. Yangu ilikuwa moja. Baba alikuwa na mifugo upande wa Buna, na mwaka mmoja mashine ya kisima iliharibika, ikasubiriwa mtu wa kuitengeneza kutoka Nairobi. Alipofika, aligusa vitu viwili vitatu, mashine ikaunguruma, na ng'ombe wetu wengi walikuwa wamekwisha kulala chini wasiinuke tena. Niliapa kwamba siku moja fundi wa kusubiriwa nitakuwa mimi, na sitasubiriwa kwa muda mrefu. Uhandisi ulitaka fizikia. Bila fizikia kwenye cheti, ungeweza kulia mlangoni mwa chuo mpaka macho yatoke.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu alikuja darasani akiwa na uso wa msiba. Mama yake, akasema, ni mgonjwa sana, lazima ahamie karibu naye. Tulilia. Mimi nililia kwa sauti, ya nini kuficha. Naye akainua mkono, akala yamini mbele yetu: "Haki ya Mungu sitawaacha. Nitawafundisha kwa kaseti. Nitarekodi kila somo na kulituma kwa basi. Na kabla ya mtihani wenu wa kidato cha nne nitakuja mwenyewe, wiki nzima, tufanye majaribio ya maabara pamoja."

Mkuu wa shule alikuwa mama mkali asiyependa hadithi. Alituita ofisini akasema wazi: atatuandikisha fizikia endapo atakuwepo mwalimu wa kutusimamia kwenye majaribio kabla ya likizo ya Aprili. Asipokuwepo, sote sita tunahamishiwa sayansi kimu, yaani kupika na kushona. "Sitaki alama za sifuri zishushe shule yangu," akasema. Tukamwambia atakuja, madamu, ameapa.

Na kaseti zilikuja, hilo siwezi kumnyima. Zilikuwa zikiachwa kwenye duka moja kando ya stendi ya mabasi, katika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi nyingi. Mimi ndiye niliyezichukua, kwa sababu duka lilikuwa njiani kwangu, na redio kaseti tuliyotumia ilikuwa ya abti, ndugu wa mama yangu, aliyekuwa dereva wa lori. Jioni baada ya masomo tulikaa sita katika ile maabara, redio juu ya meza, shela zetu zimesogezwa nyuma ya masikio ili tusikie vizuri.

"Haya, wanafizikia wangu, shikeni kalamu," alianza hivyo kila mara. "Huku kwetu ni baridi, nimevaa koti mbili. Mama anajikaza, anawasalimu." Kisha anaingia kwenye somo. Alijua mahali tutakapokwama. Angesema, "Najua hapa kuna mmoja ameshakunja uso," na kweli wote tulikuwa tunamtazama yule aliyekunja uso, tukicheka. Alituambia tusimamishe kaseti, tupige hesabu, tuendelee. Tulisimamisha. Tukapiga. Na kila tulipomaliza, kabla ya kutawanyika, tulinyoosha viganja tukamwombea mama yake dua. Wasichana sita wa Kiislamu, tukimwombea mama wa mlimani ambaye hatujapata hata kuona picha yake.

Katikati ya mambo hayo, shule ya wavulana ng'ambo ya pili ya mji ilipata mwalimu wa fizikia wa kujitolea, Mzungu mmoja mzee mwenye kofia ya majani. Alisikia habari zetu, akatuma ujumbe: tuje Jumamosi, atatufundisha majaribio pamoja na wavulana, mlango ukiachwa wazi. Tulikaa kikao. Mimi ndiye niliyesema zaidi. Nilisema sisi tuna mwalimu wetu, ameacha mama mgonjwa kitandani akatukumbuka sisi, halafu tumgeuzie mgongo kwa sababu ya Mzungu mwenye vifaa? Tukamjibu kwa adabu kwamba tunashukuru, hatuhitaji. Nikikumbuka jinsi nilivyojiona mwaminifu siku ile, nataka kujipiga kofi.

Mwaka wa mwisho ukaingia, Aprili ikawa inakaribia, na kila kaseti ilisema nitakuja, msiwe na wasiwasi. Siku moja tulikuwa tunasikiliza somo la mawimbi ya sauti kwa mara ya pili. Anaeleza kwamba sauti lazima iwe na kitu cha kupitia, hewa, maji au chuma. Rafiki yangu, ambaye shangazi yake alikuwa mkimbizi na aliwahi kukaa naye kambini, akanishika mkono.

"Abaayo, dada yangu, rudisha nyuma."

"Kwa nini?"

"Wewe rudisha!"

Nikarudisha. Akaweka sikio kwenye spika. Sasa na sisi tukasikia. Nyuma ya sauti ya mwalimu, mbali kidogo, kama nje ya dirisha, mwanamke alikuwa anaita kwa Kisomali, kwa ile sauti ya kuita mtoto aliyezama mchezoni: lete kadi, kimbia, mgao umeanza! Na mwingine akamjibu kwamba leo ni unga tu, mafuta hakuna.

Kaseti ikaendelea kutueleza mawimbi. Mwalimu alikuwa hajui Kisomali zaidi ya moja, mbili, tatu. Kwake ule ulikuwa upepo tu, kelele ya nje. Kwetu ilikuwa ni kambi ya wakimbizi, Dadaab, safari ya asubuhi moja kutoka tulipokaa.

"Labda ana majirani Wasomali," mmoja akasema.

"Mlimani? Wenye kadi za mgao?" rafiki yangu akamjibu.

"Labda ni redio."

Nilitoa kaseti nikaitia mfukoni. Bado nilitaka kuambiwa nimekosea. Nikaenda moja kwa moja dukani kando ya stendi, nikamwuliza mwenye duka bahasha zetu huja na basi gani kutoka Nairobi.

Mzee wa watu akanitazama kwa huruma. "Basi kutoka Nairobi? Hapana, binti. Hiyo inaleta dereva ya gari nyeupe ya Dadaab. Kila mtu hapa anajua. Kwani nyinyi hamjui?"

Kila mtu stendi nzima alijua! Mpaka vijana wa kupakia miraa. Sisi tu, wasomi wa fizikia, ndio tulikuwa tunamwombea mtu mama yake.

Abti alikuwa anapeleka unga na sukari Dadaab mwishoni mwa juma hilo. Nilimwambia nataka kwenda naye, akauliza kuna nini, nikamweleza. Abti hakuwa mtu wa maneno. "Panda," akasema. Tulikwenda na msafara wa magari chini ya ulinzi wa askari, vumbi tupu, na njia nzima nilikuwa najitungia maneno. Nitamwambia hivi. Nitamwambia vile. Nilikuwa nimeyapanga kama hoja za mdahalo.

Nilimkuta kwenye lango la shirika moja la misaada. Askari wa lango alikwenda kumwita. Alikuja akitembea polepole, amenenepa, shati limepigwa pasi, beji shingoni na redio ya upepo kiunoni. Alikuwa anasimamia walimu wa shule za kambini. Aliponiona alisimama kidogo, halafu akacheka, tena kwa furaha. Hana haya!

"Ala! Msichana wangu! Umefikaje huku?"

Hoja zangu zote ziliyeyuka. Kitu kilichonitoka mdomoni ni adabu niliyofundishwa nyumbani. "Shikamoo, mwalimu. Mama anaendeleaje?"

"Mama? Mama mzima kabisa, yuko shambani kwake," akasema, na hapo ndipo akang'amua alichokisema. Akaangalia viatu.

Alininunulia soda. Tulikaa kwenye benchi nje ya lango. Akaanza kunieleza kwamba maisha ni magumu, kwamba mshahara wa serikali nao ni mshahara gani, kwamba nikiwa mkubwa nitaelewa. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya mshahara wake. Nimekuja kuuliza jambo moja. Aprili ndiyo hii. Ni asubuhi moja tu ya gari. Utakuja au hutakuja?

Akazungusha chupa yake mkononi. "Sikiliza. Kusema kweli, mimi nilidhani mkuu wenu ameshawahamisha zamani. Fizikia bila maabara, bila mwalimu... hakuna vile mngefaulu mtihani ule. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nawapa moyo tu."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Sikutaka mjisikie mmeachwa."

Yaani kaseti zote zile, "wanafizikia wangu", hesabu tulizopiga mpaka vidole vikauma, kwake vilikuwa kama peremende unazompa mtoto ili asikulilie ukiondoka. Alituvika kilemba cha ukoka, nasi tukakivaa tukatembea nacho mjini. Kuhama kwake ningemsamehe, walihama wote. Hata kunidanganya juu ya mama yake ningemsamehe siku moja, inshallah. Lakini angesema ukweli siku ile ile, "mimi naondoka, tafuteni mwingine," tungelia siku mbili kisha tungemtafuta. Badala yake alituziba masikio kwa sauti yake mpaka tukamkataa mtu pekee aliyetaka kutufundisha kwa dhati.

Akaona nimenyamaza, akadhani nimeelewa. Akanipigapiga begani. "Wewe una kichwa. Ukimaliza shule njoo, huku tunahitaji wasichana wa kutafsiri." Nikasimama, soda sijaigusa, nikaenda kukaa ndani ya lori la abti na kulisubiri lipakuliwe, juani, milango imefungwa. Abti alirudi. Alinipa chupa yake ya maji na kuwasha gari.

Siku niliyorudi nilipitia shule ya wavulana kabla ya kufika nyumbani. Yule Mzungu alikuwa amemaliza muda wake, amekwenda kwao. Wavulana waliniambia alikuwa akituulizia mpaka mwisho: wale wasichana sita waliamuaje?

Mkuu wa shule aliniita peke yangu. "Anakuja?"

"Haji, madamu."

Sidhani alifurahi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema nikawaambie wenzangu waende stoo wakachukue aproni.

Somo letu la kwanza la sayansi kimu lilikuwa la kuchemsha maharagwe. Mwalimu wa somo hilo alikuwa dada mpole. Akafunika sufuria, akauliza darasa nani anaweza kueleza kwa nini chakula kilichofunikwa huiva upesi. Wale waliosoma upishi tangu mwanzo wakatazamana. Rafiki yangu akanigusa kwa kiwiko chini ya meza. "Abaayo, wewe unajua. Sema."

Nilijua. Jibu lilinijia lote, mvuke na joto na hewa, limepangika, tayari kusemwa. Lakini lilikuja kwa sauti yake, na mwanzoni kabisa kulikuwa na "haya, wanafizikia wangu". Nikaufunga mdomo wangu. Mwalimu akangoja kidogo, akajibu mwenyewe, nasi sita tukaandika alivyosema.