Nukta Moja kwa Paa Moja

Kavinya Nzivo alizaliwa Makadara, binti wa dereva wa lori kutoka Kitui. Alisomea upimaji, akapata kazi katika kampuni ndogo ya ramani. Huko alizoea kwamba kompyuta haijui nyumba wala njia. Inajua nukta, mstari na umbo lililofungwa. Mengine yote, jina la mwenye nyumba, vyumba vyake na watu waliomo, hukaa kwenye jedwali la pembeni, lililounganishwa na ramani kwa namba tu.

Mwaka juzi kampuni ilitumwa na mradi wa makazi kuhesabu nyumba za sehemu moja ya Majengo, Pumwani. Zingebomolewa, wakazi wapewe vyumba katika magorofa mapya. Kavinya alipita mlango kwa mlango na simu yake kwa wiki tatu.

Nyumba ya Bi Lela ilikuwa ya udongo na mabati, ukumbi katikati, vyumba vinane. Kila chumba kilikuwa na watu wake. Katika cha nyuma kabisa alikaa Mzee Twalib, mwaka wa thelathini na moja sasa, fundi wa akala, viatu vya matairi, pale soko la Kariokor. Alimtandikia Kavinya mkeka.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika, mzee. Chumba cha nane."

Ofisini, Kavinya alitaka kuweka nukta nane. Mkubwa wake, Phares, akakataa.

"Paa moja, nukta moja. Nane zitapandana, ramani haitasomeka. Vyumba si viko kwenye jedwali?"

Hakukosea. Ndivyo kazi ile ilivyofanywa kila mahali, na Kavinya aliweka nukta moja.

Miezi mitano baadaye Mzee Twalib alimpigia simu. "Mwanangu, orodha ya watakaopewa vyumba imebandikwa. Nimeisoma mara tatu. Labda ni macho yangu."

Hayakuwa macho. Kavinya alisimama mbele ya ukuta, akasoma majina mia tatu na kumi. Katika nyumba ile lilikuwapo la Bi Lela peke yake. Ramani ilikuwa na nukta mia tatu na kumi. Akaelewa. Watu wa mradi walifungua ramani, jedwali wakaliacha, wakahesabu nukta.

Alikwenda ofisi ya mradi. Karani alimwonyesha kioo cha kompyuta.

"Hapa pana nukta moja."

"Niliiweka mimi."

"Basi unajua ni moja."

Kavinya alichukua likizo, akachapisha majina yote kutoka kwenye jedwali, kurasa arobaini na mbili, akayapeleka. Yakapigwa muhuri wa kupokelewa. Phares naye aliandika barua. Hakuna aliyejibu.

Tingatinga lilikuja Julai, asubuhi ya manyunyu. Bi Lela alikuwa ameketi kitandani, kitanda chenyewe kikiwa barabarani.

"Mimi nimepata," alimwambia Kavinya bila kumtazama. "Hawa niliokaa nao nitawatazama kwa uso gani?" Alimchukua mjane mmoja aende kuishi naye gorofani. Wa vyumba vingine sita hakuweza.

Mzee Twalib alihamia kwa mpwa wake, mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Kutoka huko hadi Kariokor kwa miguu ni mbali, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Alijaribu wiki chache, kisha akaacha. Kibanda chake cha sokoni kikapewa fundi mwingine.

Kavinya alimtembelea Oktoba, akamkuta ameketi mlangoni, mikono mitupu.

"Mzee, nukta ile niliiweka mimi."

Twalib alimgeukia. "Uliketi kwangu, ukaandika majina yetu sote. Nilikuona."

"Ndiyo."

"Sasa yalikwenda wapi?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa habari ya faili mbili na namba ya kuziunganisha, na mbele ya mzee yule hakuthubutu kulitamka. Akasema, "Yapo. Hayakusomwa."

"Haya," mzee akasema.

Alifariki wakati wa mvua za masika. Kavinya alipata habari baada ya maziko.

Kazini aliendelea, lakini alibadilika. Kila ramani ilipokamilika alitaka kujua nani ataipokea, na kama atalifungua jedwali. Aliwapigia simu wateja mara mbili, mara tatu. Wakalalamika. Mkataba wake ulipokwisha Desemba, Phares alimwita, akamwambia kwa upole kwamba hautaongezwa. Kavinya alikusanya vitu vyake, akaenda zake Makadara.