Marahaba ya Meza ya Mlangoni

Siku ya kwanza kazini sikucheza hata hatua moja. Kiongozi wa shoo, mama mmoja wa Tanga, alinikalisha juu ya kreti la soda akaniambia, "Fumba macho. Gitaa la solo likibadilika, nyoosha mkono." Nikanyoosha mapema. Akacheka. "Wewe wa Kibosho una haraka ya kwenda wapi? Ukiingia kabla ya sebene umeingia uchi." Sebene ni pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yanachanganya, nasi wanenguaji tunaingia. Niliisikiliza wiki nzima, na tangu hapo sikuwahi kukosea kuingia. Nasema bila kuona haya.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na Moshi kila mwenye ukumbi anataka bendi yenye shoo. Wengi walidhani unenguaji ni kiuno tu. Thubutu. Ni kushika mstari, kumsikiliza mpiga drams, na kuhema kwa pua huku unatabasamu.

Nilipopewa uongozi wa shoo nilianzisha jambo langu. Kabla ya kucheza nilichukua kipaza sauti nikasema, "Shikamooni wazee." Ukumbi mzima ukaitikia, "Marahaba." Meneja alininunia. "Hapa ni dansi, si kikao cha ukoo." Alipoona wazee wa Old Moshi wanarudi na wake zao, akaacha kununa.

Sababu yangu sikumwambia. Baba yangu, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa kule Kibosho, alikuwa haitikii shikamoo yangu tangu aliposikia kazi ninayofanya. Kila Jumatatu nilipanda nyumbani na nyama na sukari. Nikimwamkia, anamgeukia mama: "Ng'ombe amepata majani?" Mama ndiye aliyeitikia, kwa sauti kubwa, kana kwamba marahaba yake ingetosha watu wawili. Kunyimwa marahaba na mzazi kunauma jamani. Nilikuwa nikishuka mjini nalia, lakini kazi sikuiacha, maana niliipenda na niliiweza.

Jumapili moja, kwenye shoo ya mchana ya familia, nikasalimia kama kawaida. Ukumbi ukaitikia, ukatulia. Halafu kutoka meza ya mlangoni ikaja nyingine, peke yake, ya taratibu: "Marahaba." Taa zilinipiga machoni, sikumwona mtu. Sauti niliijua. Solo likabadilika, nikaingia. Tulipomaliza, pale mezani palikuwa na soda iliyonywewa nusu.

Kesho yake nilimkuta baba kihambani, anapunguza majani ya migomba.

"Shikamoo, baba."

Akakata jani moja, akakata la pili. "Marahaba." Kisha, bila kunitazama, "Yule binti wa mwisho kushoto anachelewa."

"Nimeshamwambia, baba."

"Mwambie tena."

Jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Mabinti wanaocheza kwenye maharusi wanakuja uani kwangu kujifunza. Kati yao ni mambo na poa, ila wakifika mlangoni wanakumbuka adabu: "Shikamoo, bibi." Naitikia hata kabla hawajamaliza kuitamka. Halafu nawapanga mstari, nakaa kwenye kreti langu, namtazama wa mwisho kushoto.