Katoni za Chai za Mwalimu

Mwalimu wetu wa mtaa wa Mabanga amekufa. Nasema hivyo hivyo, bila kuzungusha, kwa sababu kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kuzungusha maneno, na sasa nimebaki peke yangu. Alikuwa akitoka soko la Kituku asubuhi, mfuko begani, akapanda ile njia ya mawe meusi mpaka karibu na kwake, akakaa kwenye ngazi ya duka la jirani kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu. Hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Ndani ya mfuko tulikuta paketi za ile chai yake ya kusafisha damu, kravati ya akiba, ile tai ya shingoni, iliyokunjwa vizuri, na daftari. Msiniulize kama alikuwa akiinywa hiyo chai. Aliinywa kila siku.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnanijua. Niliishia darasa la tatu, niliingia mji huu nikisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tena ya mtu mwingine, leo nina depo ya mbao yenye mlango wa chuma. Mhariri wa gazeti hili hunirekebishia herufi, lakini nimemkataza kunirekebishia hasira. Wiki hii hasira ninayo nyingi, na si yote inawahusu wengine.

Kwa wasioijua kazi ya Mwalimu, nieleze kama alivyonieleza mara mia. Unaingia kwa kununua katoni ya kwanza. Kisha unatafuta watu wawili, mmoja unamweka mguu wa kushoto, mwingine mguu wa kulia, ndivyo wanavyosema wenyewe. Hao nao watafute wawili wawili. Kila anayenunua, kitu kidogo kinapanda kwako, kinapanda kwa aliye juu yako, kinazidi kupanda mpaka huko ambako sijaona mtu wa Mabanga aliyewahi kufika. Ila ili hicho kidogo kikufikie, lazima wewe mwenyewe ununue kila mwezi. Usiponunua, mwezi huo hukuwepo duniani. Sasa nani katika Mabanga anakunywa chai ya bei ile? Mwalimu alinunua mwenyewe ili asishuke cheo, na katoni zikapanda ukutani mpaka mke wake akatandika kitambaa juu yake na kupanga sahani. Nilipomcheka, alinijibu kwa upole uleule wa darasani: "Muzee, wewe uko na depo. Mimi niko na biashara yenye haina mlango. Moto hauwezi kuikuta."

Na moto alikuwa anaujua. Mlipuko wa kwanza wa volkano ulipita juu ya shule yake na juu ya nyumba yake siku moja. Vyeti vyake vyote, vya kusoma na vya kufundisha, viko chini ya mawe mpaka leo, pamoja na karatasi ya parsele iliyosema uwanja ule ni wake. Alijenga tena juu ya jiwe hilohilo, nyumba ya mbao kama sisi wote, akafundisha ndani ya hema kwa michango ya wazazi ambao nao hawakuwa na kitu. Miaka ikapita hivyo. Halafu siku moja nikamwona amevaa kravati katikati ya vumbi, ananisalimia kwa mikono miwili, ananialika kwenye mkutano wa saa moja tu. Saa moja hiyo sikumpa hata mara moja, na aliniomba kwa miaka.

Mlipuko wa pili, tulipoambiwa tuuhame mji, nilimkuta kwenye barabara ya Sake katikati ya ule msongamano wa watu. Mke wake alibeba sufuria. Yeye alikuwa anasukuma chukudu, na juu ya chukudu kulikuwa na katoni nne za chai na ubao mdogo wa kuandikia. Nilimuuliza godoro iko wapi. Alisema godoro atapata ingine, hizi katoni ni za mwezi huu na bado hajafikisha idadi. Nilisimama palepale, watu wananisukuma na mizigo, nikamwuliza kama wakubwa wake wa huko juu hawajasikia kwamba mlima umepasuka. "Wamesikia," alisema. "Lakini mwezi hausimame sababu ya volkano, Muzee." Mke wake aligeuza uso. Nilielewa kwamba maneno hayo yalikuwa yameshasemwa ndani ya nyumba, na kwamba godoro lilikuwa limeshindwa.

Sake tulilala ndani ya darasa la shule, familia nane chumba kimoja. Kesho yake Mwalimu alifunga kravati, akasimamisha ubao wake dirishani, akachora mviringo mmoja juu, miwili chini, minne chini yake. Nilitoka nje kwa aibu, lakini dirisha halikuwa na kioo, nikasikia yote. Hakuanza na chai. Alimwita mama mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mjane mwenye sauti ndogo ambaye tangu tufike alikuwa anaongea akiangalia vidole vya miguu. Akamwambia asimame, aseme jina lake lote, aseme baada ya miaka mitatu anataka kuwa anafanya nini. Mama akasema hajui. Mwalimu akangoja. Watoto wakacheka, akawanyamazisha kwa mkono tu, akaendelea kungoja. Mwisho mama akasema anataka pahali pa kuuzia makala penye bati juu, mvua isimlowanishie mali. "Sema tena, wa nyuma hawajasikia," akasema Mwalimu. Akasema tena. Mara ya tatu hata mimi wa nje nilisikia kama niko ndani.

Yule mama alinunua paketi moja ya chai, akainywa ikaisha, hakununua ya pili. Leo ana pahali pake penye bati, makala yake inatoka mji wa Kiwanja kwa lori, na wasichana wawili wanamfanyia kazi. Mumuulize nani alimfundisha biashara, atawaambia ni Mwalimu. Nimebishana naye. Nilimwambia Mwalimu hakuwahi kuuza hata gunia moja la makala. Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mzee, akasema kabla ya siku ile ya Sake alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kumwuliza anataka nini.

Vita vilipoingia mjini mara hii ya mwisho (zile za kwanza sizihesabu tena, kila mara tunazoea sura mpya kwenye vizuizi), nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Risasi zinapita, sisi tumelala chini, nikawa nasikia sauti yake upande wa pili anapiga simu. Alianza na mguu wa kushoto, akamaliza na mguu wa kulia. Uko mzima? Watoto? Maji munayo? Mmoja baada ya mwingine. Na mwisho wa kila simu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua anafanya vibaya: mwezi unaisha Ijumaa, usisahau. Nilitamani kubomoa ule ukuta nimpige kofi, halafu nimkumbatie. Kwangu mimi, katika watu wote ninaofanya nao biashara, hakuna aliyepiga kuuliza kama niko mzima.

Sasa nifike kwenye matanga, maana hapo ndipo hasira yangu inakaa. Baba zake wadogo wako Kiwanja na hawakuweza kufika kwa wakati, ikabidi mimi jirani, tena Mwislamu katika matanga ya Wakristo, nikae kwenye kiti cha mkubwa wa familia. Yule mama wa makala alileta magunia ya kupikia, hakuna aliyemwomba. Siku ya kuondoa matanga, kama ilivyo desturi yetu, tulikaa kugawa alichoacha marehemu. Koti lilikwenda kwa mdogo wake. Redio ikabaki nyumbani. Halafu akasimama mama mmoja aliyevaa vizuri, mpole, macho mekundu ya kulia, akajitambulisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa juu ya Mwalimu katika ile kazi. Akasema Mwalimu ameacha kitu kingine: nafasi yake. Inaweza kuandikwa kwa jina la mjane, na watu wote wa chini wakabaki chini ya mjane, ila lazima katoni ya mwezi inunuliwe kabla mwezi haujaisha. Isiponunuliwa, nafasi inafutwa, na watu wale wanapanda moja kwa moja kwake yeye. Nilimwuliza kama haoni haya. Alijibu bila kukasirika: "Hata mimi nikikufa, Papa, itakuwa vile vile."

Hapo nilisema. Nilisema kama mtu aliyengoja zamu yake kwa miaka kumi. Nilisema kwamba huu si urithi, kwamba mimi nikifa mtoto wangu anapokea ufunguo wa depo, haambiwi anunue kwanza. Nilisema biashara ya mtu ni ile anayoweza kushusha bei yake bila kuomba ruhusa, anayoweza kuugua wiki mbili akarudi akaikuta. Mwalimu hakupanga bei, hakuchagua mali, hakuweza hata kukimbia volkano bila kukimbia na katoni. Sasa hiyo ni biashara yake au yeye alikuwa mali ya biashara? Nilimwambia mjane achome zile karatasi, auze chai iliyoko ukutani kwa bei yoyote, akae na watoto wake. Watu walitikisa vichwa. Nilikaa chini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, nawaambia ukweli.

Mjane aliniacha nimalize kabisa. Kisha akasimama, na alisimama kama wale watu wa Mwalimu wanavyosimama, mikono chini, uso mbele.

"Papa, asanti. Vyeti vyake viko chini ya mawe. Karatasi ya parsele iko chini ya mawe. Hii njo karatasi moja yenye iko na jina yake, na iko na batu chini yake. Unasema niichome." Akanisogelea hatua moja. "Alikuja kwako kwanza, Papa. Kabla ya hii chai. Ulimwambia nini?"

Nilijua nilichomwambia. Nilikuwa sijawahi kukiandika hapa, kwa hiyo nikiandike leo. Baada ya mlipuko wa kwanza mji mzima ulihitaji mbao, na mimi volkano ilinitajirisha. Sifichi, wengine wanaficha. Siku hizo Mwalimu, shule yake imeungua, alikuja depo akaniomba nimfundishe hii kazi: namna ya kujua mbao iliyokauka na ile itakayopinda, namna ya kuongea na wenye malori. Hakuomba pesa. Aliomba kusimama karibu nami aangalie. Nilimjibu mbele ya wabebaji: "Mwalimu, mikono yako ni ya chaki. Rudi kwenye chaki." Wabebaji wakacheka. Yeye pia alicheka, akaniaga kwa heshima, akaenda. Na chaki yenyewe ilikuwa chini ya mawe.

Mjane hakungoja nijibu. Aliuliza la pili: "Nikiacha hii, utanipatia nini mukononi?"

Mimi, mtu wa maneno, nilisema, "Tutaona." Neno hilo tu. Kila mtu katika uwanja ule alijua maana yake, na mimi pia. Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, mjane alinunua katoni.

Tangu siku hiyo nalala vibaya, na si kwa sababu nimebadilisha mawazo juu ya ile kazi. Bado nasema kwamba mtu anayenunua mali yake mwenyewe ili aitwe mkubwa hana biashara, ana mchango anaoutoa kila mwezi kwa watu asiowajua. Nimewaona wengi wakiuza mbuzi na mashine za kushona ili waingie, na nimewaona wakitoka mikono mitupu na kravati. Lakini nimejiuliza kwa nini ile mikutano inajaa. Inajaa kwa sababu ndiyo milango pekee katika mji huu ambayo mtu anaingia akiambiwa karibu, kaa, unaweza. Sisi wenye depo, wenye malori, wenye maduka ya Birere, tumezifunga kazi zetu kama dawa ya ukoo. Anayetaka kujifunza tunamwona mwizi. Halafu anapokwenda kwa anayempokea, tunasimama matangani kumhukumu. Mwalimu alikuwa na kipaji cha kuinua watu, nilikisikia dirishani Sake kwa masikio yangu. Kama ningempa kona ya depo na mwaka mmoja, huenda kipaji kile kingebaki hapa nyumbani, kikazaa watu kumi kama yule mama wa makala. Badala yake kilikwenda kusukuma chai.

Kwa hiyo niliamua, na mimi nikiamua natangaza. Kila Jumatatu asubuhi mlango wa depo yangu utakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza mbao: kuzichagua, kuzikausha, kuzinunua huko zinakotoka, na kudanganywa mara chache iwezekanavyo. Hanunui kitu kwanza. Hatafuti watu wawili. Akijua, aende akafungue yake, hata mbele ya yangu, nami nitanuna kidogo halafu nitazoea. Nilimtuma mtu kwa mjane, awe wa kwanza kusikia. Alinirudishia jibu la heshima sana: anashukuru, lakini Jumatatu asubuhi ana mkutano na watu wa mume wake.

Nilikasirika. Nilikaa na ile hasira siku nzima juu ya rundo la mbao, na jioni nikamtuma mtu tena.

Kwa hiyo msije Jumatatu. Ni Jumanne.