Jiko la Marehemu Sixbert

Gaudiosa alikuwa amechoma samaki kwa kuni pale Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja wake wa mwanzo sasa walikuja na wajukuu. Alikuwa Mmatengo wa Mapera aliyeolewa ziwani. Mumewe, mvuvi wa Kinyasa, alipofariki, hakurudi milimani kama ndugu zake walivyotarajia. Alibaki na binti yake Careen na kibanda chao cha mabati karibu na pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, akaendelea kuchoma mbasa. Mbasa ni samaki mwenye mafuta mengi, na mafuta hayo yakidondokea motoni hutoa moshi mzito unaoingia moja kwa moja kifuani.

Moshi huo ndio uliomfikisha hospitali. Alikuwa ameanza kulala ameketi, mgongo ukutani, maana akijilaza kifua kilibana. Daktari, kijana mstaarabu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, hakumzungusha. Alimweleza kwamba dawa zitampunguzia tu, hazitamponya, na kwamba akiendelea kuinamia kuni, mapafu yatakwisha kabla ya uzee.

"Badilisha kazi, mama," alisema.

"Nikafanye ipi, baba?"

Daktari akaendelea kuandika dawa, na simlaumu. Shamba la kahawa la baba yake Gaudiosa lilikwenda kwa kaka zake, kama kawaida yetu, na hakuna aliyeona ajabu. Ziwani alikuwa mke wa marehemu, si mwenye ardhi. Alichokuwa nacho ni mikono inayojua samaki. Ikabaki njia moja tu, aachane na kuni bila kuachana na samaki. Majiko madogo ya gesi yanayouzwa madukani ni ya sufuria, hayachomi mbasa mzima. Alilijua jiko moja tu linaloweza, na lilikuwa limelala nyuma ya nyumba ya baba yake mkubwa, Sixbert, kule Mapera.

Sixbert alikuwa mpishi wa wageni wa mradi mmoja wa maji. Mradi ulipofungwa, wageni wakaondoka, wakamwachia jiko lao la gesi la kuchomea nyama, lile kubwa lenye mfuniko na miguu. Mzee hakuwahi kuliwasha nyumbani. Aliogopa mtungi. Jiko likawekwa nje, karibu na mashine ya kumenyea kahawa, mvua zikalinyeshea msimu baada ya msimu, kutu ikala, kuku wakaingia kutagia ndani. Sixbert alipofariki lilikuwa limeegemea upande mmoja kama mlevi.

Baada ya mazishi mambo ya urithi yalipelekwa kwenye sengu. Kwa asiyejua, sengu ni kikao cha ukoo wa Kimatengo. Zamani wanaume wa nyumba moja walikula pamoja kwa mkubwa wao, kila mke akileta chakula chake, na wakishashiba mambo yaliamuliwa hapo hapo. Siku hizi kila mtu anakula kwake, lakini katika nyumba hii mambo mazito bado yanapelekwa huko, na neno linalotoka huko halihitaji karatasi. Mkubwa wa sengu alikuwa Kilian, mdogo wa marehemu. Kahawa, nyumba na mashine vilikwenda kwa Erasmo, mtoto wa marehemu. Gaudiosa, aliyeketi na wanawake karibu na mlango wa jikoni, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema hadai urithi, anaomba lile jiko bovu.

Watu walicheka. Erasmo, ambaye kwa ukoo ni kaka yake, alicheka kuliko wote. Alimwambia achukue na kuku waliomo, wao ndio wenye nyumba. Kilian alisubiri kicheko kiishe, kisha akatamka mbele ya wote.

"Chukua, mwanangu. Ni chako. Utakuwa umetuondolea maficho ya nyoka."

Hayo ndiyo maneno, na waliokuwapo wote waliyasikia.

Jiko lilipelekwa Mbinga mjini kwa Festo, fundi anayechomelea mageti na madirisha. Festo alilizunguka, akalipiga teke kidogo, kutu ikamwagika.

"Mama Careen, hili ni jiko au kaburi la kuku?"

"Wewe fungua kwanza, maneno baadaye."

Alilifungua kipande kwa kipande juu ya turubai. Miguu ilikuwa imeoza. Wavu wa kuwekea nyama ulikatika mkononi. Mabomba ya moto, yale yenye matundu madogo ambayo gesi hutokea, yalikuwa yameliwa hadi matundu yakaungana, na ndani nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Mpira wa gesi ulipasuka ulipokunjwa. Vitu viwili tu vilikuwa vizima, sanduku lenyewe na mfuniko wake, vya aluminiamu nene, na mrija wa shaba wenye koki za kufungulia gesi. Festo alisema kwamba hivyo viwili ndivyo jiko. Vingine vyote ni spea, na spea hutafutwa.

Zilitafutwa kwa miezi. Gaudiosa alikuwa akipanda Mbinga kila alipopata nafasi, na sehemu ya malipo ya fundi ilikuwa dagaa, wale usipa wetu, aliowakausha mwenyewe. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya kifua chake. Aliloweka koki katika mafuta ya taa mpaka zikakubali kuzunguka. Mabomba mapya yaliagizwa Dar es Salaam kwa picha ya simu, yakaja mafupi, yakarudishwa, yakaja mengine yakakaa sawa. Wavu mpya, mpira mpya, vitufe vipya vya kuzungushia koki, kirekebisha gesi kipya cha kufunga kwenye mtungi. Festo aliliwekea jiko miguu ya chuma cha pembe na kulipaka rangi inayovumilia moto. Mwisho walipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na palipotoa mapovu pakakazwa upya. Siku lilipowaka, moto wa bluu ulitembea kutoka bomba la kwanza hadi la mwisho bila kukohoa. Festo akamwambia Gaudiosa asisimame karibu sana, nyusi zitaungua na bado hajapata mchumba mwingine.

Kule Lipingo maisha yalibadilika. Walimu, maofisa na wafanyabiashara wa dagaa walikuwa wakija hata wasipokuwa na njaa, kutazama mbasa akiiva bila moshi. Hata mpinzani wake wa siku zote, Ephrasia, aliyechoma kwa kuni kwenye kibanda cha pili, alikuja kunusa na kutangaza kwamba samaki asiye na moshi ni samaki mgonjwa. Lakini kilichobadilika zaidi hakikuonekana na wateja. Kikohozi kilipungua, kisha kikawa cha asubuhi tu. Gaudiosa akaanza kulala kitandani kama watu wengine.

Mwaka ulipotimia, nyumba ya Mapera ikatangaza misa ya kumbukumbu ya marehemu. Gaudiosa aliamua kupanda na jiko lake, awachomee samaki ndugu waliompa. Careen alimsihi wapeleke samaki tayari, jiko libaki.

"Wale watu nawafahamu, mama. Walikupa kwa sababu lilikuwa bovu."

"Ni kitu chao, walinipa wao. Nikiwaficha nitaonekana nimeiba."

Hapa watu wengi humwita Gaudiosa mjinga. Mimi siwezi. Alilelewa katika nyumba ambayo anayepewa huleta matunda ya alichopewa mbele ya aliyempa, na alifanya hivyo. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba wenzake walilelewa katika nyumba hiyo hiyo.

Jiko lilipandishwa mlima kwa gari la kukodi, na baada ya misa uwanja mzima ulisimama kulitazama. Wazee walikula mbasa hadi wakalamba vidole. Zita, mke wa Erasmo, alikuwa akifunua mfuniko na kuufunika tena, anatazama moto, anamtazama mumewe. Erasmo alikuwa na mpango wa kufungua baa mjini na kuuza nyama ya nguruwe ya kuchoma. Kila mtu alijua. Kabla vyombo havijaoshwa, aliomba sengu ikae.

Hakuzunguka. Alisema jiko lile lilikuwa la baba yake, alilitolea jasho kwa wazungu, na kwamba siku ile walimpa dada yao chuma kibovu cha kutupa, si jiko. Chuma kibovu kile hakipo tena. Kilichopo ni jiko la marehemu, na vitu vya marehemu vina mrithi.

"Si ulicheka wewe?" Gaudiosa alimuuliza. "Si uliniambia nichukue na kuku?"

"Nilicheka chuma, dada. Jiko hatujawahi kukupa."

Wachache walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Wote wakamgeukia Kilian. Ndiye aliyetamka, na angetamka mara ya pili yangeisha. Mzee alikuwa akiishi uani kwa Erasmo, anakula kwa Erasmo, anapelekwa zahanati kwa pikipiki ya Erasmo. Alitazama mikono yake. Akasema ni kweli alitamka, lakini hakujua kama kitu kile kitafufuka. Kisha akatoa hukumu aliyoiona ya haki. Kilichotoka katika nyumba hii kibaki katika nyumba hii, na alichoongeza Gaudiosa aondoke nacho. Mwili wa marehemu, viungo vya binti.

Wapo wanaoisifu hukumu hiyo mpaka leo kwa sababu kila mmoja alipata chake. Mimi naiita woga. Mzee aliyetoa kitu mbele ya watu hana haki ya kukitoa tena kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ndiye anayemlisha. Na ndugu waliosikia maneno ya kwanza, wakanyamaza kwenye maneno ya pili, sioni tofauti yao naye.

Gaudiosa aliomba jambo moja. Alieleza kifua chake, akaeleza daktari alivyosema, akaomba aachiwe jiko mpaka apate lingine, kisha atalirudisha likiwa zima na viungo vyote. Erasmo alimwambia kwa sauti ya upole kwamba si lazima ahangaike kufungua sasa hivi, aviache tu hivyo vitu, wataongea kifamilia. Hapo alielewa walichokuwa wakitegemea. Walidhani mwanamke hataweza kulivunja kwa mkono wake.

Aliomba spana. Careen akaileta kutoka kwenye gari.

Alilifungua mbele yao kwa mpangilio ule ule aliojifunza kwa Festo. Mtungi, mpira, wavu, mabomba, vitufe, na mwisho miguu, hata sanduku likakaa chini kwenye vumbi. Vyote vikaingia kwenye gunia. Koki za shaba na mrija wake aliviacha, kwa kuwa vilikuja na jiko. Zita alilia. Erasmo alisimama na mikono mfukoni akasema dada yao ana roho mbaya. Gaudiosa alimwendea Kilian, akampa shikamoo ya kuagana, mzee akaiitikia bila kuinua macho, na gari likaondoka.

Gunia lilipelekwa kwa Festo. Alilimwaga, akapanga vitu, akakuna kichwa. Alisema sanduku angeweza kubuni, lakini koki zile haziuzwi peke yake. Alikuwa amekwishaulizia Dar es Salaam wakati ule wa kwanza, wakamwambia anunue jiko zima. Gaudiosa alimwomba ajaribu za kuungaunga. Festo alikataa.

"Gesi si mchezo, Mama Careen. Nikikosea hapo, nitakuzika."

Akarudi kwenye kuni. Baada ya wiki chache Careen alimsikia usiku akisogeza mto ukutani.

Kule Mapera sanduku lilirudi karibu na mashine ya kahawa. Erasmo alifungua baa yake na kuchoma kwa mkaa kama wengine, lakini jiko halikumtoka moyoni, na kiangazi kilichofuata alimtuma Zita ateremke Lipingo. Zita alikuta kibanda kimejaa moshi. Alisalimia, akaketi, akaanza kueleza pendekezo la mumewe kwamba viungo virudi vikaungane na sanduku, jiko likae mjini, na dada awe anapata chochote kwa faida. Alieleza huku akifuta machozi, si ya huzuni, ni ya moshi. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiusukuma wote upande wake. Gaudiosa alimgeuza samaki, akakohoa kwa muda mrefu ameshikilia nguzo, akamwekea mbasa kwenye sahani.

Zita alishindwa kuendelea. "Jamani wifi, unawezaje kukaa humu?"

"Nilikuwa nimetoka," Gaudiosa alisema. "Mlinirudisha ninyi."

Zita hakutaja viungo tena. Alikula nusu ya samaki, akanawa, akaomba nusu iliyobaki afungiwe ampelekee mzee Kilian, maana tangu ile misa hajala mbasa. Gaudiosa alimfungia.