Beseni la Dagaa

"Dada, ukienda na hili leba kujifungua, manesi watakuheshimu," muuza duka wa Kiseke aliniambia juzi, akigonga beseni jipya la pinki na kunishikisha.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na moja tu, la kuuzia dagaa. Alasiri moja alipolibeba, tumbo mbele, nilidhani tunakwenda sokoni, nikanadi njia nzima: "Dagaa wa Kamanga!" Majirani walimsihi ajifungulie nyumbani, asije akaaibika kwa kukosa beseni la maana. Hakugeuka. Hospitalini nesi aliziba pua.

"Mama, huna beseni lingine?"

"Sina. Hata mimi nanuka dagaa, nesi. Nizalishe hivyo hivyo."

Mdogo wangu aliogeshwa humo humo, akilia kama anayedai chake.

Nilimrudishia muuza duka beseni lake. La mama bado ninalo, na ndilo nitakalokwenda nalo leba.