Kidole cha Mamba-Muntu

Nilipokuwa na miaka tisa, watu wote wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, walilala usiku mzima. Mimi nililala vipande vipande. Nilikuwa nafumba macho, naamka. Nafumba, naamka. Jogoo wa jirani alipowika kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimeshaamka mara nne na nilimwona mvivu. Usingizi wangu niliumalizia shuleni, shavu juu ya daftari, mate yakifuta hesabu nilizokuwa nimekosea. Wenzangu wakanibatiza jina la Popo. Mwalimu wetu alikuwa Mnyankore mmoja mrefu, mpole sana, lakini upole nao huchoka. Alimwita Mama akamwambia nikiendelea hivi nitarudishwa darasa la pili, na kwamba hata darasa la pili anaogopa nitalilalia.

Kilichokuwa kikiniamsha nilikijua. Kilikuwa kidole. Kidole kibichi, cha baridi, kikinigusa hapa, chini ya pua na juu ya mdomo. Kinakaa kidogo, kinaondoka. Nikianza kusahau, kinarudi.

Sisi tulitoka Baraka, kule Kivu ya Kusini, kando ya ziwa Tanganyika, tukiikimbia vita. Tuliofika tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Baba. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na vyumba viwili na paa la shitingi, lile turubai la plastiki wanalogawiwa wakimbizi. Baba na Mama kimoja, mimi na Koko kingine, mikeka miwili, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita kwa upande. Na mtu yeyote wa Baraka, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mlevi, anamjua mamba-muntu. Nusu mtu, nusu samaki, nywele ndefu, anakaa juu ya mawe ya ziwa akizichana. Ukiokota kitu chake atakufuata mpaka kitandani kukidai.

Sasa hapo ndipo nilipokuwa na tatizo. Wiki chache kabla ya kidole kuanza kunisumbua, nilikwenda kuchota maji katika ziwa la Nakivale, nikaokota kichanuo. Chekundu, meno mawili hayapo. Nilikificha ndani ya shitingi ya paa, nikakaa kimya kama mtu aliyekula nyama ya Krismasi kabla ya Krismasi.

Nilipozidiwa nilimwendea Koko. Alikuwa anachambua maharage uani.

"Koko, usiku kuko mutu ananigusaka ku pua."

Mkono wake ukasimama katikati ya maharage. "Mutu wa namna gani?"

"Sijue. Mukono yake iko baridi. Iko na maji."

Nakumbuka alichukua harage moja zima, lisilo na kosa lolote, akalitupa.

"Ni mamba-muntu huyo," akasema. "Ulikwenda ku ziwa?"

"Ndiyo, Koko."

"Uliokota kitu?"

"Hapana, Koko."

"Basi akikuja, usifungue macho. Ukimuona, atakubeba."

Nilitii, nani asingetii? Kila kidole kilipokuja nilikaza macho mpaka yakauma, na baada ya hapo nikabaki macho, moyo ukidunda kama ngoma ya kwaya. Mama akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Wakaniombea, wakanipaka mafuta. Mmoja alimkemea mamba-muntu kwa nguvu hata akapaliwa, ikabidi tumwombee na yeye. Usiku ule kidole kikaja kama kawaida.

Nikaona nisijifanye shujaa. Nikatoa kichanuo, nikaenda nacho ziwani, nikakirusha mbali kwa nguvu zote nikisema, "Chukua kitu yako, mama, unisamehe." Mnajua plastiki haizami. Kilielea kikarudi taratibu mpaka miguuni pangu. Nikakirusha tena. Kikarudi tena. Mtoto wa miaka tisa anayerudishiwa kichanuo na ziwa mara mbili hahitaji mahubiri mengine. Mwishowe nilikifunga na jiwe kwa kamba ya mgomba, kikazama, nikakimbia bila kuchota maji. Usiku kidole kikaja. Nikajua sasa anataka kitu kingine, na hicho kingine ni mimi.

Aliyetoa shauri ni Koko mwenyewe. Jioni moja, tumekaa kwenye ugali, akasema bila kumtazama mtu:

"Mumupeleke kwa shangazi yake Mbarara. Kule ziwa haiko. Mamba-muntu hatembeaka ku lami."

Mama akashangaa. "Na wewe utabaki na nani mu chumba?"

"Nitabaki na mimi."

Mpango ukawa huo: nikakae Mbarara muhula mmoja. Nikilala vizuri, nitabaki huko moja kwa moja mpaka nimalize shule, Nakivale niwe naijia likizo tu. Nililia siku mbili. Watu walidhani naogopa mji, kumbe nilikuwa namlilia Koko. Huyo ndiye aliyenikuna mgongo, aliyeniwekea ukoko wa ugali, aliyenisimulia nani alijamba kanisani Baraka mwaka gani na wimbo ulikuwa upi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumbadilisha na taa za umeme.

Shangazi alikuwa amepanga chumba katika ua wa Hajati mmoja, mama Mganda aliyeuza vitenge sokoni. Na mimi, kwa aibu yangu yote, nililala. Nililala kama gunia la mihogo. Siku ya tatu Hajati alisimama mlangoni na kanga yake ya swala akamuuliza Shangazi:

"Huyu mtoto iko mzima kweli? Tangu jana hajageuka! Banange, mguse!"

"Mwache Hajati, analipa deni la usingizi," Shangazi akasema.

Shuleni nikawa mtu. Popo akafa, nikaitwa Wilondja, jina langu. Shangazi akatuma ujumbe nyumbani kwa dereva wa teksi za Rwekubo, mji ulio jirani na kambi: mtoto analala, mtoto anasoma, likizo ikiisha nakuja kumchukua kabisa.

Likizo ikafika, nikarudi Nakivale. Koko alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu, na alipokuwa akimenya viazi alisinzia na kisu mkononi. Nikajiuliza kama mamba-muntu, baada ya kunikosa, amehamia kwake.

Usiku ule nilijilaza nikiwa sina usingizi kabisa, maana nilikuwa nao wa miezi mitatu kwenye akiba. Nikasikia mkeka wa Koko unalia. Goti likalia, kwaa! Goti lile nalijua. Halafu sauti ndogo ya mtu anayelamba kidole. Kisha kidole, kibichi, cha baridi, chini ya pua yangu.

Na harufu ya tumbaku.

Koko alikuwa ananusa tumbaku tangu sijazaliwa. Zamani chumba kizima kilinuka hivyo, na mimi ndani yake, nisingeweza kuitambua. Lakini pua yangu sasa ilikuwa imekaa Mbarara muhula mzima ikinusa sabuni ya Hajati. Nikajiuliza nikiwa nimefumba macho: mamba-muntu gani anayenusa tumbaku?

Alikuwa anapima pumzi. Kidole kikilowa, hata upepo mdogo kitausikia.

"Anapumua," akanong'ona. "Eeh, anapumua." Akakaa hapo. Halafu akasema kwa sauti ya chini zaidi, na hakuwa anasema na mimi: "Weye, Asukulu, ulinyamaza ku mugongo yangu. Sikujua, baba. Nilikuwa nakuimbia."

Akarudi kwenye mkeka wake. Kabla ya asubuhi alikuja mara tatu zaidi.

Asukulu alikuwa mdogo wangu. Nilijua alifariki njiani tulipokuwa tunakimbia. Zaidi ya hapo nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa. Kesho yake nilimfuata Mama shambani nikamuuliza. Alipalilia mstari mzima kabla ya kunijibu.

"Koko ndiye alikuwa anamubeba," akasema. "Alikuwa na homa. Tulitembea toka asubuhi mpaka jua ku kichwa, Koko anamuimbia. Tuliposimama ili nimunyonyeshe…" Akaendelea kupalilia. "Hatusemaka hiyo maneno. Na usimuambie Koko kama nilikuambia."

Siku ile nzima sikucheza. Nilielewa jambo ambalo hata leo sijui mtoto anaelewaje: kwamba Koko hakumwogopa mamba-muntu hata kidogo. Alimwita aje asimame mbele yake, amfiche. Maana angesema "ni mimi," angeulizwa kwa nini, na kusema kwa nini ni kumtaja Asukulu mbele ya mama yake. Na alipoona siwezi kusoma kwa sababu ya mkono wake, na mkono haumtii, alinipeleka mbali na mkono.

Sikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa na kitu kingine. Baba yangu alikuwa anakoroma, tena kwa vituo: anapanda mlima, anabadilisha gia, anasimama, abiria wanashuka, anaondoka. Usiku ule, taa ilipozimwa tu, nikajilaza chali nikakoroma vile vile.

Koko akaita kutoka upande wa pili:

"Wilondja?"

Nikapanda mlima.

"Wilondja, umelala?"

Nikabadilisha gia, nikapiga na mluzi kidogo puani.

"Yesu wangu," Koko akasema gizani, "huyu mutoto bamemurudisha lori." Nikasikia tumbo lake linacheka, lile cheko la kujizuia kanisani. Mimi sikucheka. Nilikoroma mpaka koo likakauka, nikisikiliza kama mkeka utalia. Haukulia. Baada ya muda mrefu pumzi yake ikawa nzito, halafu yeye naye akaanza kukoroma, kukoroma kwa kweli, tukawa malori mawili mlimani. Ndipo nikanyamaza nikalala, na hakuna aliyeniamsha.

Nilifanya hivyo usiku baada ya usiku. Mwanzoni akinyanyuka naongeza sauti, analala tena. Shangazi alipokuja kunichukua, alimkuta Koko amenawiri, anamngoja mlangoni.

"Mamba-muntu amekwenda," Koko akamwambia. "Mutoto abaki."

"Amekwendaje, Mama?"

"Ameogopa makelele."

Shangazi alirudi Mbarara peke yake. Nami nikasoma Nakivale, macho, hadi mwisho.

Je, Koko alijua kwamba naigiza? Nimejiuliza mara nyingi. Mwanamke aliyelea watoto saba analijua koo la mtoto anayejifanya. Nafikiri alijua, na nafikiri hata kama alijua ilimtosha: mtu hawezi kukoroma kwa uongo bila kupumua kwa kweli. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Alifariki mimi nikiwa kijana, na mpaka siku zake za mwisho, nikimtembelea, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mjukuu wake alimponyoka mamba-muntu, nami nilikuwa naitikia, naongeza na nywele zake zilikuwa ndefu kiasi gani.

Siku hizi nachekesha watu kwa kazi, hapa Mbarara, na mtu akisinzia ukumbini mwangu namtania mpaka ajute kununua tiketi. Lakini mtazamaji wangu wa kwanza nilimchekesha gizani, nikiwa nimefumba macho, na nilichomtakia ni hicho tu: asinzie.